Ubao wa picha kwa asiyeweza kusema

Laza karatasi ya A4 kwa upana, gawa vyumba 12: mistari mitatu, picha nne kila mstari. Kila chumba kitakuwa na kama sentimita 7, kidole kinatosha.

Kosa la kwanza la wengi ni kujaza sato, dagaa, ugali na soda. Asiyeweza kusema, anayegusa picha badala ya kutamka, ataagiza chakula tu. Kukataa au kulalamika hawezi. Vyumba vinane viwe vya maneno ya kila saa: nataka, sitaki, tena, basi (yaani imetosha), nisaidie, twende, inauma, nini. Vinne vilivyobaki: maji, choo, mama, na anachokipenda, tuseme ziwani. Andika neno juu ya picha, kidole kisilifunike.

Ukipeleka kufanyiwa laminesheni, acha milimita 5 za plastiki pembeni. Ukikata sawa na karatasi, maji yanapenya, na mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, mikono haikauki.

Sasa kazi yenyewe: gusa wewe kwanza huku ukisema. “Twende” (gusa) “ziwani” (gusa). Kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapa ndipo wengi hushindwa, wanajibu wenyewe. Usimshike mkono, wala usimpe mtihani wa “nionyeshe maji”. Picha usizihamishe, mkono hukariri mahali.

Asiyeweza kunyoosha kidole? Kubalianeni kwanza ishara ya ndiyo, labda kuinua nyusi, kisha msomee picha mojamoja polepole.

Ubao haumzuii mtoto kuanza kusema, hata jirani aseme nini.