Mguu Kujivuta Si Ushahidi Kwamba Mbwa Anahisi

Wafugaji wa mbwa wa ulinzi na wasaidizi wa mifugo wa Dar es Salaam, naandika kuhusu kosa moja ambalo limekuwa likiwagharimu bila sababu. Mbwa amegongwa na bodaboda, miguu ya nyuma imelegea. Mtu anambana kidole, mguu unajivuta, na nyumba nzima inaamini kwamba neva zinafanya kazi. Wiki zinapita kwa sindano za vitamini na kukandwa mafuta, ilhali mbwa huyo huenda hajahisi chochote tangu siku aliyogongwa.

Mguu haungoji ubongo. Taarifa ya kubanwa huingia katika sehemu ya kiunoni ya ugwe mgongo, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, na amri ya kukunja mguu hutolewa papo hapo, hivyo hata mbwa ambaye ugwe wake umekatika katikati ya mgongo anaweza kuuvuta mguu kwa nguvu. Acheni kutazama mguu, tazameni kichwa, kwani hicho ndicho kinachoonyesha kama maumivu yamefika ubongoni.

Mlaze mbwa ubavu, mfunge mdomo kwa kitambaa, na usubiri atulie, kwani mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha. Upimaji ufanyike kabla ya dawa yoyote ya usingizi. Anza kwa kubana ngozi iliyo kati ya vidole kwa mkono wako. Asipoitikia, tumia koleo ya kitabibu na uibane juu ya mfupa wa kidole, si juu ya ngozi, ukiongeza nguvu polepole hadi ageuze kichwa, alie au atake kung'ata. Akifanya hivyo, achia mara moja. Pima kidole cha ndani na cha nje cha kila mguu wa nyuma, kisha mkia, kisha mguu wa mbele kwa ajili ya kulinganisha. Wapo wanaobana kidole kimoja kwa sekunde moja na kuandika kwamba mbwa hahisi. Huo si upimaji, ni uvivu. Rudia kila siku na uandike saa.

Kutafuta palipoumia, bana ngozi sentimita 2 hadi 3 kando ya uti wa mgongo, ukianzia usawa wa nyonga na kusogea mbele pingili kwa pingili, yaani mfupa mmoja wa uti wa mgongo baada ya mwingine. Pale ngozi inapoanza kucheza, jeraha huwa pingili 1 hadi 4 mbele ya hapo.

Matokeo hayo ndiyo yanayoamua gharama. Mbwa aliyegongwa hadi pingili zikahama, naye hahisi kabisa, ana nafasi ndogo sana ya kutembea tena; anayehisi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, amefungwa juu ya ubao ulionyooka, si kubebwa mikononi. Mbwa aliyepooza bila ajali inayojulikana, hasa asiyechanjwa, msimguse mdomo: huenda ni kichaa cha mbwa.

Mkojo nao huwadanganya kwa namna ileile. Mkojo unaodondoka si mbwa anayekojoa, bali mara nyingi ni kibofu kilichofurika, nacho kinahitaji kukamuliwa mara 3 hadi 4 kwa siku baada ya daktari kuwaonyesha namna.

Anayepona hutikisa mkia anapokuona, kisha hujaribu kusimama.