Kurudisha uhai wa kijito cha mashambani: anzeni na ng'ombe, miche itafuata

Mwezi uliopita niliitwa na kikundi cha akina mama wa kijiji cha jirani, hapa Magu, mkoani Mwanza. Walikuwa wameshanunua viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, na kuvijaza udongo, wakataka niwaambie waweke mbegu gani. Nikawaomba kwanza twende mtoni, tukae chini ya mkwaju tungoje. Ilipofika saa saba mchana vumbi likaonekana, kengele zikasikika, na kundi la kwanza la ng'ombe likateremka kunywa. Likaja la pili, la tatu, la nne. Mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, aliyekuwa akihesabu kwa vijiti akaishiwa vijiti. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, sasa hiyo miche tungeipanda wapi?"

Nimeandika hatua hizi kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye kijito kinachopita kwenye pamba, mpunga na dengu kabla ya kuingia Mto Simiyu na hatimaye ziwani. Udongo unaobomoka kwenye kingo zetu, pamoja na mbolea na samadi inayosombwa na mvua, haupotei. Ndio unaokwenda kurutubisha magugu maji yanayoziba mialo yetu.

Hatua ya 1: Tembeeni kijito chote kwa miguu

Nendeni Septemba au Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Nendeni na mzee mmoja anayekumbuka kilivyokuwa na kijana mmoja anayechunga sasa. Andikeni kwenye daftari mambo manne tu: ukingo unabomoka wapi, ng'ombe wanashukia wapi, mchanga unachimbwa wapi, na visiki gani bado vinachipua. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolipita. Kwenye kilomita tatu za kijito chetu tulikuta visiki vya migunga na mikwaju vilivyokatwa kwa kuni miaka mingi, lakini mizizi yake iko hai. Kisiki kimoja cha namna hiyo nakithamini kuliko miche kumi ya kwenye kiriba.

Hatua ya 2: Mkutano na mpaka

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji alete jambo hili kwenye mkutano mkuu, na mumwalike ofisa kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, makao yao yako Mwanza mjini.

Msitumie neno "hifadhi". Mtu akisikia hifadhi anasikia kuhamishwa. Sisi tulisema "ngitili ya mto", na wazee wakatuelewa siku hiyo hiyo, maana ngitili ni jambo lao: eneo linafungwa mvua zikianza, linafunguliwa kiangazi kikikolea. Shinyanga walirudisha maeneo makubwa kwa njia hiyo, kwa mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986. Hatukuwa tunawaletea kitu kigeni.

Kamba ya katani ya mita 60, yenye fundo kila mita 10, inatosha kupimia. Sisi tunaanzia pale maji yanapofika mto ukijaa masika. Maji ya kiangazi yanadanganya. Mita 15 za kwanza tumezifunga kabisa. Zinazobaki ni za majani ya kufyeka na kubeba, na mizinga ya nyuki. Mwenye bustani ya nyanya ndani ya mpaka apewe muda wa kuvuna. Msimng'olee mtu nyanya zake mbichi; huyo ndiye mtakayemhitaji alinde miti. Makubaliano yakishapatikana, yaandikwe kuwa sheria ndogo ya kijiji na yapelekwe halmashauri.

Hatua ya 3: Njia ya ng'ombe

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo tulipopoteza msimu mzima.

Mwaka wa kwanza tulipanda miche zaidi ya 600, tukazungushia miiba, tukaenda nyumbani tumefurahi. Mkutano ulikuwa umekubali kwa kauli moja. Kufikia Agosti miiba ilikuwa imekanyagwa na miche imeliwa mpaka shina. Nilikasirika sana, nikaenda kumlaumu mwenye ng'ombe. Yule mzee alinijibu kwa upole: "Mimi nilikuwepo mkutanoni. Anayechunga hakuwepo." Ni kweli. Siku ya mkutano wachungaji wote walikuwa machungani. Tulikuwa tumezungumza na wenye mali, na wenye fimbo hatukuwaambia neno.

Kwa hiyo jambo la kwanza: nendeni mkae na wachungaji wenyewe, pale wanaponywesha, kwenye saa sita hadi saa nane mchana. Wengine ni watoto, wengine ni vijana wa kuajiriwa kutoka mbali. Waulizeni wao njia ipite wapi. Wanajua ng'ombe gani hutangulia, na wanajua mahali ambapo ndama hunasa kwenye tope. Msisahau kwamba baada ya mavuno ng'ombe huingia mashambani kula mabua, na makundi ya vijiji vingine hupita. Njia yenu iwe rahisi kiasi kwamba hata mgeni ataifuata bila kuelekezwa.

La pili, chagueni mahali. Ukingo wa nje wa kona ndio maji yanaoula. Msiweke njia hapo. Tafuteni sehemu iliyonyooka yenye udongo mgumu. Mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, haifai kabisa: ikilowa ng'ombe anazama hadi magotini, na jiwe mnaloweka leo kesho limemezwa.

La tatu, upana. Tulianza na mita tatu tukiona tunaokoa ardhi. Ng'ombe wanaoteremka walikutana na wanaopanda, wakasukumana, uzio wa pembeni ukalala. Sasa tunaacha mita nane.

La nne, mwelekeo, na hili sikulisoma popote, nimefundishwa na mvua. Njia yetu ya kwanza ilishuka moja kwa moja, ikiwa imenyooka kama rula. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba maji ya shambani yalikusanyika yakaishika njia ile, na asubuhi tulikuta korongo la kumfika mtu kiunoni, mawe yetu yote yamelala mtoni. Siku tatu za kazi ya watu ishirini ziliondoka usiku mmoja. Sasa tunafanya hivi: njia inachimbwa kwa mshazari, na mtu anayeteremka awe anaelekea kule mto unakoelekea. Mafuriko yanapopita hayapati mdomo wa kuingilia. Kisha pale juu, kabla mteremko haujaanza, tunaweka tuta pana na fupi kukata njia, kimo cha goti, ng'ombe walipande bila shida. Tuta hilo liyatoe maji ya mvua pembeni, yaende kwenye majani. Mkiacha kila kitu nilichoandika hapa, tuta hili msiliache.

La tano, sakafu. Mwanza hatuna shida ya mawe. Pangeni makubwa kwanza, upande bapa juu, mkiyashindilia ardhini mpaka yasitikisike chini ya mguu, halafu moramu, yaani udongo wa changarawe, juu yake. Mawe ya mviringo yanabingirika na kuumiza kwato, na ng'ombe akiumia mara moja hataki kurudi, atajitafutia njia nyingine katikati ya miche yenu.

Watu huniuliza kuhusu birika. Kama mna kisima chenye maji ya kutosha, birika la saruji lililojengwa juu, mbali na ukingo, ni bora kuliko njia yoyote. Lakini pigeni hesabu kwanza. Kiangazini ng'ombe wa kienyeji hunywa takribani lita 25 hadi 40 kwa siku. Makundi yenye ng'ombe 200 yanataka lita 5,000 au zaidi, kila siku. Birika kavu ni baya kuliko kutokuwa na birika, maana wachungaji wakishalikuta kavu mara mbili, hawaliamini tena.

Ua wa pande mbili za njia: pandeni manyara. Ni uzio wa wazee wetu, haugharimu kitu na ng'ombe hauli. Kateni vipande vya urefu wa mkono, viacheni kivulini siku chache, mchomeke kwa kukaribiana. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya sana. Msiwape watoto kazi hii, na asiyenawa mikono asishike uso.

Hatua ya 4: Visiki, kisha miche

Kwa kila kisiki chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kateni. Fungeni kitambaa cha rangi ili mchungaji akione. Basi.

Mkuyu hauhitaji kiriba. Kateni tawi nene kama mkono, urefu wa mita mbili, kabla ya mvua. Likae kivulini utomvu ukauke, kisha fukieni theluthi yake karibu na ukingo mvua zikishika. Mbegu za migunga tunazimwagia maji ya moto na kuziacha zilale humo usiku kucha. Za mzambarau pori zipandwe zikiwa mbichi, zikikauka zimekufa.

Mikaratusi sitaki kuiona karibu na kijito, hata mkipewa bure. Inakunywa maji mnayoyatafuta. Lusina nayo ibaki nyumbani kwa mbuzi, maana hujizalisha na kufunika miti ya asili. Lantana ing'olewe na mizizi yake.

Hatua ya 5: Mafunjo na matete

Mafunjo yapandwe pale tu ambapo maji hayakauki. Kwingine pandeni matete. Vaeni gambuti mnapoingia majini, kichocho kipo. Waliokwisha kuingia miguu mitupu wapite zahanati.

Hatua ya 6: Samaki wapite

Ningu na kambale hupanda vijito mvua zinapoanza, wakatage mayai. Kubalianeni kwamba kwenye mvua za kwanza hakuna migono (mitego ya kusuka) wala nyavu za kuziba kijito kutoka ukingo hadi ukingo. Hii haihitaji fedha, inahitaji wazee kuisema mbele ya vijana.

Hatua ya 7: Kukagua

Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi mmoja wenu aende na jembe. Akianzia kwenye tuta la juu ya njia, ataona kama maji yamelivuka, na palipolegea atapashindilia papo hapo kabla ng'ombe wa mchana hawajafika. Mwaka huu zamu ya kwanza ameichukua yule mchungaji ambaye ng'ombe wake walikula miche yetu 600. Juzi alikuja kuniambia kwamba ndege kwera wameanza kujenga kwenye matete, viota kumi na vinne, karibu kabisa na pale anaponywesha.