Mashindano makubwa yakija mtaani, anzeni na ramani ya uzio

Kinachoamua kama mashindano yatawaachia wachuuzi faida au hasara ni uzio. Uzio ukipita mbele ya kibanda, mteja hafiki hata akiwa mita ishirini tu. Kwa hivyo mkisikia Mombasa imepewa mashindano, msikimbilie kuongeza mali. Ulizeni kwanza uzio utapita wapi.

Andikeni barua moja ya kikundi kwa idara ya michezo ya kaunti, mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombeni ramani ya uzio na mageti, barabara zitakazofungwa na saa zake, sehemu za wachuuzi, na jina la atakayezoa taka. Nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe, maana siku 21 za kujibu zinahesabiwa kuanzia hapo. Zikipita kimya, huhesabiwa kuwa mmekataliwa, na mnaweza kulalamika kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Mtu mmoja mmoja akienda kuomba, hufukuzwa kirahisi. Kule Salvador, Brazil, kina mama wauza acarajé, yaani bagia za kunde za mafuta ya mawese, walikuwa wafungiwe nje ya uwanja wa Fonte Nova wakati wa mechi za FIFA. Walidai kwa pamoja, wakaruhusiwa.

Ramani ikishapatikana, ndipo mpange mali. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa kwenye uwanja wa gofu, na joto lilimshinda hata Kenenisa Bekele, bingwa wa Ethiopia, akaacha mbio. Mtazamaji naye husimama kwenye jua lilo hilo, basi maji na madafu yatangulie chakula. Maji ya chupa yakibaki hayaozi. Viazi karai na samaki vinunuliwe kila asubuhi, kwa sababu geti likihamishwa ghafla mtabaki navyo. Msikope kununua friji ambayo baada ya wiki hiyo haina kazi.

Wauza chakula, kagueni vyeti vya afya mapema. Hudumu miezi sita tu.

Pigeni picha za mitaro, njia za miguu na vibanda kabla mafundi hawajaingia, kisha mzipige tena uzio ukiondolewa. Malori ya majukwaa huvunja vifuniko vya mitaro, na mvua za Aprili zikianza maji huingia majumbani. Pelekeni orodha ya uharibifu wiki hiyo hiyo, kabla mwandalizi hajafunga ofisi.