Jinsi ya kuifikisha timu ya wanawake ya kusini mwisho wa msimu

Timu ya wanawake ya Mtwara au Lindi ikikwama, mara nyingi haikwami kwa sababu ya mpira. Hukwama Februari au Machi, mzunguko wa pili ukiwa umeanza: fedha ya safari imekwisha, mvua imekaza, na nusu ya kikosi iko darasani. Kwa hiyo panga msimu kuanzia mzunguko wa pili ukirudi nyuma, usianzie mechi ya ufunguzi.

Bandika ukutani karatasi yenye miezi 12. Kabla ratiba ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, haijatoka, jaza vile visivyohamishika. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Unyago nao mara nyingi hupangwa likizo za shule, na binti akishaingia ndani hutamtoa kwa barua ya timu. Ulizia mapema kwa wazazi wake. Na unapoulizia, usiishie kwa baba. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, mjomba na bibi mzaa mama wana neno zito. Ruhusa ya mchezaji aliye chini ya miaka 18 iandikwe, isainiwe na mzazi, na mjomba awe amesikia kwa masikio yake. Wapo wachezaji waliozuiwa stendi, begi mgongoni, kwa sababu mjomba alipata habari jioni ile.

Usajili unaonekana mwepesi, lakini kinachokwamisha ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahawa, shule imeandika Mwanaawa, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina Mwanahawa na jina la babu ambalo halipo kwingine. Mfumo wa usajili hausomi nia, unasoma herufi. Kaa na kila mchezaji, weka nyaraka zake zote mezani na mzilinganishe herufi kwa herufi miezi miwili kabla dirisha halijafungwa, kwa kuwa kurekebisha cheti huchukua wiki kadhaa.

Sasa fedha. Huku kusini pesa ina msimu wake: minada ya korosho huanza Oktoba na kwa kawaida huisha karibu na mwisho wa mwaka. Mfadhili aliyekukaribisha kwa tabasamu Novemba hatapokea simu yako Machi. Omba mchango wakati wa minada, kisha ugawe siku hiyo hiyo: fungu la mzunguko wa pili liingie akaunti inayohitaji saini tatu, na mojawapo iwe ya mtu asiye kwenye benchi la ufundi. Ukilichanganya na posho za kila wiki, kufika Januari litakuwa limeliwa.

Usikadirie safari kwa shilingi, kwani bei hupanda. Kadiria kwa lita na sahani. Ligi ya timu 10 ina mechi 18, na 9 kati ya hizo ni za ugenini. Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 560. Coaster iliyojaa hutumia lita moja kwa kilometa 7 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita 160. Weka 180 kwa ajili ya foleni na mizunguko ya mjini. Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,600 kwa njia moja: hesabu karibu lita 500. Msafara wa watu 25 (wachezaji 18 na viongozi 7, dereva hayumo) kwa siku nne, milo mitatu, ni sahani 300. Zidisha kwa bei ya siku hiyo ndipo uende kwa mfadhili. Ukifika na lita na sahani anakuelewa haraka kuliko ukimwambia "tunaomba mtusapoti".

Kati ya Desemba na Aprili ondokeni siku mbili kabla ya mechi, si moja. Hata Mei kuna hatari: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani. Simameni kila baada ya saa mbili, dakika kumi za kutembea na kunyoosha miguu; mchezaji aliyekaa saa tisa mfululizo hushuka na misuli ya nyuma ya paja imekakamaa, na hapo ndipo inapochanika kesho yake. Matroni asafiri kila safari, alale jengo moja na wachezaji, na funguo za vyumba zikae kwake. Hili halina mjadala, hata bajeti ikibana.

Mazoezi ya kabla ya msimu yachukue wiki sita: mbili za pumzi, mbili za nguvu na mpira, mbili za mechi za kirafiki. Goti ndilo la kulindwa zaidi, maana wanawake huumia kano ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) mara mbili au zaidi kuliko wanaume. Programu ya FIFA 11+, ya kupasha misuli na kuzuia majeraha, ina mazoezi 15, huchukua dakika 20, haihitaji kifaa chochote cha bei. Ifanyeni walau mara mbili kwa wiki mwaka mzima. Inapofeli, sababu ni kwamba kocha ameifanya wiki tatu akaiacha, au wachezaji wanaruka na kutua magoti yakiangukia ndani huku kocha yuko kwenye simu. Simama mbele yao uangalie goti likae juu ya kidole cha mguu.

Chakula kipo na si ghali: dagaa, kunde, mbaazi, kisamvu. Anayepata hedhi nzito hupungukiwa damu, naye huitwa mvivu kumbe anahitaji kupimwa. Limau au embe pamoja na mlo husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai huyazuia, basi inywewe saa moja baadaye. Mechi ikiwa saa 10 jioni, mlo mkubwa uwe saa 6 mchana, maji ya timu yasipungue lita 27, na barafu iwepo. Bukta ziwe za rangi nzito. Nyeupe hupendeza kwenye picha tu.

Wakati wa Ramadhani sogeza mazoezi yamalizike karibu na futari, au yawe baada ya tarawehe na yafupishwe. Mchezaji anayekunywa maji mchana usimuulize mbele za wenzake kwa nini hafungi. Weka ndoo ya maji nyuma ya chumba, na matroni awe na pedi kwenye begi la huduma ya kwanza bila kuombwa.

Kwenye ukaguzi wa mwamuzi, hijabu inaruhusiwa: iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, wachezaji wote wanaovaa wawe na rangi moja, isishonewe kwenye jezi wala kuning'inia. Pini zisitumike. Vipuli, pete, bangili na shanga vyote vivuliwe. Usitegemee kuvifunika kwa plasta, na dakika tano za kubishana na mwamuzi ndizo zinazokula muda wenu wa kupasha misuli.

Mchezaji mwenye mkataba akipata mimba, kanuni za FIFA tangu 2021 zinampa likizo ya angalau wiki 14, wiki 8 kati ya hizo baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara. Klabu isimvunjie mkataba kwa sababu hiyo.

Kadi ziandikwe daftarini usiku wa mechi: jina, dakika, rangi, mechi atakayokosa. Soma kanuni za msimu huo kuhusu idadi ya njano. Nakala moja ibaki kwa kocha msaidizi, kwa kuwa simu ya meneja huisha chaji njiani, Nangurukuru, na ukimpanga mchezaji aliyefungiwa pointi tatu zinaondoka mezani.