Uko na spidi poa lakini simu ya WhatsApp inachelewa? Pima foleni ya hapo kwako kwanza

Juzi niko kwa simu na dada yangu ako London, namuuliza kama mama alimpigia, kimya, nadhani hajasikia narudia swali, na hapo hapo jibu la lile la kwanza linaingia. Tunagongana, "sema wewe", "hapana, sema wewe", halafu sote tunanyamaza. Na nilikuwa nimetoka kupima spidi ikasoma Mbps 20! Sasa jua hivi, simu ya sauti haili hata Mbps 0.1 kila upande, kwa hivyo usikimbilie kulipia pakeji kubwa.

Shida ni ucheleweshaji, yaani muda sauti inachukua kutoka kwako hadi kwa sikio la mwenzako. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wanashauri usipite milisekunde 150 kwenda tu, na mtandao usipangwe kupita 400. Kuna sehemu huwezi kupunguza, mwanga ndani ya faiba unaenda kama km 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi London ni kama km 6,800 hata ukinyoosha laini, so hizo ni milisekunde 34 kabla ya kitu kingine chochote. Lakini hiyo ni kidogo sana. Kabla kebo za baharini zifike Mombasa 2009 tulikuwa tunatumia setilaiti iko km 36,000 juu, kupanda na kushuka tu ni karibu robo sekunde.

Haya, fungua kompyuta, ile dirisha ya kuandika komandi, upingi rauta yako, yaani uitumie ujumbe mdogo uone unachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi: ping 192.168.1.1 (kama si hiyo angalia kibandiko chini ya rauta). Ikisoma 1 hadi 5 uko sawa. Ikiruka 4, 90, 7, 210, hiyo ni waifai, na kama unaishi kwa fleti za Pipeline ama Umoja penye simu yako inaona waifai thelathini za majirani, usishangae. Hamia waifai ya 5 GHz kama rauta yako iko nayo, ama chomeka kebo kabisa. Hiyo kurukaruka ni mbaya kuliko kuchelewa kwa kawaida, kwa sababu programu inalazimika kungoja vipande vilivyobaki nyuma, la sivyo maneno yanakatika.

Sasa pingi nje, ping 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google), wakati hakuna mtu anatumia neti. Andika namba. Halafu anza kupandisha video kubwa kwa Google Drive na uangalie hiyo ping tena, tafadhali usiruke hii, ndiyo wengi hawajui. Kwangu ilitoka 38 ikaenda 640! Ni kama kwa supamaketi, wewe umeshika mkate mmoja tu lakini mbele yako kuna mtu na troli mbili zimejaa, keshia ni mmoja na hakuna kupita. Rauta inapanga data ya video kwa foleni, sauti yako inangoja nyuma. Kurasa za wavuti pia zinaumia, kwa sababu muunganisho mpya unaenda na kurudi kama mara tatu kabla uone kitu, sasa piga 640 mara tatu.

Kama rauta yako iko na SQM, ile setingi ya kusimamia foleni, iwashe, uweke kikomo kama asilimia 85 hadi 90 ya spidi uliyopima, ya kupandisha na ya kushusha, ndio foleni isijae. Kama haina, tafuta nani anapandisha. Kwetu ilikuwa simu ya kijana wangu inahifadhi picha, tukaiambia ifanye hiyo kazi saa nane usiku.

Na kama rauta iko sawa, nyumba imetulia, lakini ping ya nje bado iko juu kila jioni, hapo si wewe. Andika masaa na namba za siku tatu nne, kisha uwapigie kampuni yako ya neti uwasomee hizo namba, usiwaambie tu neti iko slo.