Kuflashi bayosi ya RX 580 bila kuua kadi

Juzi nimekaa na rafiki yangu mpaka usiku tukiflashi RX 580 yake, yaani kadi ya grafiki ya AMD, tukiandika upya bayosi, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi inayoiendesha. Kila akitaka kukimbilia faili jipya la bayosi namrudisha kwenye memori ya kadi, maana hapo mimi nilishapoteza siku nzima.

Kama Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ukiwa ndani ya Windows, inakutosha, ishia hapo. Bayosi inaguswa pale umesukuma kikomo cha wati mpaka mwisho na klok (kasi ya kadi kwa MHz) bado inashuka ukicheza gemu.

1. Hifadhi bayosi yako. Tunatumia amdvbflash, programu ya kusoma na kuandika bayosi ya kadi za AMD. Fungua CMD kama admin, andika amdvbflash -s 0 zamani.rom. Kopi moja iweke nje ya mashine hiyo, hata kwenye simu.

2. Kagua memori. Hapa tulia kabisa. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, kwenye Memory Type utaona GDDR5 na jina la aliyetengeneza chipu: Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Boksi halikwambii hili, kadi mbili za modeli ileile zinaweza kuwa na memori tofauti kabisa, na taimingi za hizo chipu zimo ndani ya bayosi. Mimi niliweka bayosi ya kadi pacha na yangu, Windows ikawaka vizuri, nikajua nimemaliza, kufungua gemu tu skrini ikajaa vimraba vya kijani ikaganda. Nikafuta draiva nikaweka upya, nikashusha klok, nikashuku pawa saplai, jioni ndo nalinganisha naona yangu Hynix na faili ni la Samsung. Kwa hiyo hakikisha faili linataja chipu yako, halafu GB 4 au 8, matundu ya HDMI na DisplayPort, na shader (viini vidogo vya kuchakata picha) 2304 au 2048, maana kuna RX 580 za 2048 na hizo usizichanganye.

3. Kama kadi ina swichi ya bayosi, flashi upande mmoja tu, wa pili usiuguse kamwe.

4. amdvbflash -p 0 mpya.rom, subiri imalize, ristati. Ikilalamika kuhusu ID, yaani utambulisho wa kadi na faili haulingani, usikimbilie -f ya kulazimisha, rudi hatua ya 2. Bayosi uliyoihariri mwenyewe draiva itaikataa mpaka upitishe atikmdag-patcher, kiprogramu kinachoifanya draiva ikubali bayosi iliyohaririwa.

5. Skrini ikiwa nyeusi: zima, geuza swichi. Haina swichi? Chomeka kebo ya skrini kwenye mazabodi, kama prosesa ina grafiki zake utawaka nazo, kisha amdvbflash -p 0 zamani.rom. Kadi isipoonekana kabisa inabaki CH341A, kifaa cha USB cha kuandika chipu ya bayosi moja kwa moja, na klipu yake, ila soma kwanza namba ya chipu ya bayosi, ikiwa ya volti 1.8 lazima uweke adapta la sivyo unaiunguza.

Ikiwaka vizuri, pandisha klok MHz 25 kila mara na jicho kwenye joto, wati ulizoongeza zote zinapita kwenye VRM, sehemu ya kadi inayoshusha volti za umeme wa chipu.