Robo ni nusu ya nusu

Kwa wauza genge na duka wasiopenda kushika kikokotoo kila mara: mteja akitaka robo, usihangaike kugawa kwa nne. Kata nusu mara mbili. Maharage kilo moja ni shilingi 2,800? Nusu 1,400, robo 700. Robo tatu ndiyo huwababaisha wengi, kumbe ni kutoa robo kwenye bei nzima: 2,800 toa 700, mteja alipe 2,100.

Theluthi ina ukaidi wake. Watu watatu wakigawana bei, jumlisha tarakimu zake kwanza. 2,700 inakupa 9, nayo 9 hugawanyika kwa tatu, basi na 2,700 inagawanyika, kila mmoja 900. 2,800 inakupa 10, haigawanyiki; kila mmoja akitoa 900 inabaki mia, kubalianeni mapema nani anailipa.

Jioni ukihesabu sarafu, panga mafungu ya elfu moja moja: za 500 mbili, za 200 tano, za 100 kumi, za 50 ishirini. Hesabu fungu la kwanza kwa makini, yanayofuata linganisha kimo tu. Za 50 zinachosha na huanguka, zipange kumi kumi. Kama kuna mtoto wa darasa la tatu nyumbani, mpe za 200 azipange, kisha muulize sarafu moja ni sehemu gani ya fungu.